Tatu Alishafika, Tunangoja Nne

Ujumbe wa 4G ulinikuta nimesimama kwa mguu mmoja. Sikuwa mazoezini wala sikuwa nimepewa adhabu. Juu ya kilima kilicho nyuma ya shule yetu, hapa Bendera, kuna jiwe lenye ukubwa wa kigoda, na ukitaka rezo ikukae vizuri sharti upande juu yake, uelekee upande wa Kalemie, mkono wa kulia uuinue kama mtu anayesimamisha lori. Miguu miwili haienei. Basi simu ikalia, nikaishusha taratibu nisije nikaitisha rezo, nikasoma: Mteja mpendwa, furahia intaneti ya kasi ya 4G popote ulipo, bonyeza picha hii. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa Kifaransa, lakini furaha haina lugha. Nikabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wanne. Wa kwanza alikuwa mama muuza mawese, na yeye hana subira hata na mafuta yake mwenyewe.

“Mwalimu, uko unaangalia nini muda wote huu?”

“Naangalia 4G, mama.”

“Iko namna gani?”

“Inazunguka.”

Akaguna, akawageukia wenzake na kuwatafsiria: “Anasema inazunguka.” Wote wakatikisa kichwa kwa heshima. Picha ile haijafunguka mpaka leo. Kampuni siitaji, maana nina laini tatu na zote zimelelewa nyumba moja.

Nisieleweke vibaya. Sisi rezo tunayo, ila yenyewe inakaa kilimani na sisi tunakaa chini. (Kwetu hatusemi mtandao, tunasema rezo, Kifaransa kilichovuliwa viatu mlangoni.) Bendera iko mashariki ya Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5, kaskazini ya Kalemie, njia ya kwenda Fizi na Uvira. Imekaa kwenye bonde la mto Kyimbi, na milima imeisimamia kichwani kama wakwe waliokuja kudai mahari. Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Bendera ya kwetu hufuata rezo, na rezo ndiyo inayofuata upepo. Asubuhi na mapema inapatikana karibu na tanki la maji. Saa nne inahamia kanisani. Jua likiwaka sana inakwenda kusikojulikana, na mawingu ya mvua yakitanda huwa imeshalala zamani. Penye uhakika ni kilimani tu. Wazee wanasema kilima kile kilikuwa na jina lake, la mzimu fulani. Siku hizi kinaitwa Rezo, na nadhani mzimu wenyewe ameomba uhamisho kwa ajili ya kelele.

Pembeni ya jiwe kuna mwembe usiojua msimu, unazaa simu mwaka mzima. Hii ni kwa wale wasio na muda wa kusimama. Unamletea simu kijana tunayemwita mwenye mti, ingawa mti si wake. Anaitia kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, anabandika kipande cha karatasi chenye jina lako, kisha anapanda na kuutundika. Faranga 200. Jioni unarudi kuchuma ujumbe wako. Na matawi yana madaraja. Tawi la kwanza ni la ujumbe mfupi. La pili linapokea sauti za WhatsApp. La tatu, ambalo bei yake ni mara mbili, linaweza kuteremsha picha, mradi iwe ya mtu mmoja. Picha ya kundi inachukua siku. La nne ni jembamba na liko juu kabisa. Aliyewahi kulijaribu ni kijana mmoja aliyekuwa akingoja video ya harusi ya dada yake. Video ilifika salama. Yeye alifika chini kabla yake, mkono ukafungwa plasta wiki sita.

Huko Rezo hakuna siri. Jiwe linataka upaze sauti, na foleni haina la kufanya ila kusikiliza. Lakini hata hili si geni kwetu. Kabla ya simu za mkononi watu wa huku walikuwa wakipanga mstari kwenye foni, ile redio ya upepo ya paroko au ya mfanyabiashara, wakiita Kalemie au Bukavu. Ukimaliza sentensi unasema “à toi” ili mwenzako aanze. Mtu akiuliza deni lake kwenye foni, nusu ya jimbo ilikuwa inasikia, na wengine walikuwa wanajibu. Kwa hiyo kilima chetu kimeendeleza mila tu. Wanafunzi wangu wameongeza la kwao. Ile herufi E inayotokea pembeni ya kioo, ambayo fundi atakwambia ni alama ya 2G iliyotiwa nguvu kidogo, wao wanasema maana yake ni Endelea kungoja. Aliyefika Kalemie akaiona H akarudi kuwaambia wenzake kwamba ile ni Haraka. 4G yenyewe hawajaipa tafsiri, wanangoja waione.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu hapa analijua, kwa sababu walikuwepo. Mdogo wangu, aliyeko Baraka, alipata mchumba, na mimi kama mkubwa nikapewa kazi ya kuongea mahari na mjomba wa msichana kwa simu. Nilipanda Rezo saa moja asubuhi, nimevaa koti, kana kwamba ataniona. Kikomo changu kilikuwa mbuzi sita. Nilikuwa nimekiandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, mvua, muhogo. Lakini kila nikisema neno, na yeye anasema neno, yanagongana katikati ya njia, kisha wote tunanyamaza kumpisha mwenzake, kisha wote tunaanza tena. Ikawa kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe. Mwishowe nikamsikia kwa mbali: “Mwalimu, unanisikia? Unanisikia?” Nikajaza kifua nikapaza: “Ndiyo! Ndiyo kabisa, mzee wangu! Vizuri sana!”

Kumbe yeye, alipoona kimya, alikuwa ameshaliacha swali hilo na kuingia jingine. Alikuwa amesema: “Basi sisi tumefikiri mbuzi kumi na wawili. Mnakubali?” Na ndipo ile “ndiyo kabisa, vizuri sana” yangu ikamfikia, imetua mahali pake kama kofia ya kupimwa. Nikasikia vigelegele upande wa pili. Nikadhani rezo imeharibika. Kisha nikasikia vigelegele nyuma yangu pia, kwa sababu mama muuza mawese ana masikio mazuri na simu yangu ilikuwa kwenye spika. Nikataka kusahihisha. Rezo ikaanguka. Niliposhuka kilimani, wafuga mbuzi wawili walikuwa wananingoja njiani, kila mmoja na bei yake.

Nilikuja kuelewa kilichonipata kiangazi kilichofuata, walipokuja mafundi. Walikuwa vijana wawili, wamevaa vizibao vya kung'aa, na pikipiki iliyochoka kuliko wao. Wakasema wametumwa kupima kwa ajili ya 4G. Neno hilo lilipita kijijini kama moto wa kiangazi. Kuku wakachinjwa. Bukari ikasongwa, samaki wa mikebuka wakaletwa, na chifu akatoa neno la kuwakaribisha ambalo, kwa bahati mbaya, nililitafsiri mimi. Vijana wakapima. Wakaelekeza kichombo huku na huku, wakaandika, wakatikisa kichwa, wakaandika tena. Walipomaliza, mkubwa wao akanivuta pembeni, akaniuliza kwa aibu: “Mwalimu, hapa mtu anaweza kupata rezo wapi? Tunatakiwa kutuma ripoti.”

Nikawapandisha Rezo. Sitasahau. Fundi wa 4G, kizibao kikimetameta kwa jua la magharibi, amesimama juu ya lile jiwe kwa mguu mmoja, mkono hewani, na mama muuza mawese anamwelekeza: “Kidogo kushoto, mtoto wangu. Hapo. Usipumue.”

Wakati ripoti yao ikizunguka, alinielimisha. Antena za mashambani kama ya kwetu, alisema, mara nyingi haziwezi kuonana na antena ya mjini kwa sababu ya milima, na nyaya za kupitishia mawasiliano chini ya ardhi hazijafika. Basi sauti inarushwa juu kwenye setilaiti iliyotulia angani kilomita karibu 36,000, ndipo inateremshwa. Kupanda na kushuka tu ni kama robo sekunde. Jibu nalo linapanda na kushuka kwa njia ileile, robo sekunde nyingine. Kwa hiyo kila “habari gani” na “nzuri” yake ina nusu sekunde ya kungojana, na hapo bado hujaweka kuchelewa kwingine kwa njiani.

Nikapiga hesabu pale pale. Neno langu la kwenda Baraka, mji ambao uko barabara hiihii ya kwetu upande wa kaskazini, lilipanda mbinguni likashuka, na kwa nusu sekunde hiyo nilitoa mbuzi sita zaidi. Sidhani kuna mtu Kinshasa anayelipa intaneti kwa bei hiyo.

Nilimwuliza jambo jingine lililokuwa likiniwasha. Bendera ndiyo yenye bwawa la umeme la Kyimbi, lililojengwa na Wabelgiji, mitambo yake miwili ikiwa na uwezo wa megawati 17 na kidogo. Nyaya zinatoka hapa zinapita juu ya vichwa vyetu mpaka Kalemie, kilomita zaidi ya mia, zikawashe taa za watu. Na mimi ninayeishi chini ya nyaya hizo nachaji simu kwa kipande cha paneli ya jua ambacho mbuzi wa jirani anapenda kulalia. Nikamwambia fundi: sisi megawati tunazitoa kila siku bila kuulizwa. Mega tu ndiyo tunaomba. Ile ya kawaida, ya kufungulia picha. Si inawezekana mkatupa nusu kwa nusu? Akacheka. Akaniambia mega na megawati si ndugu. Nikamjibu kwamba hata mimi na wakwe zangu wa Baraka hatukuwa ndugu.

Wakaondoka na ripoti, na nasikia mmoja wao siku hizi anafanya kazi Lubumbashi.

Nchi yetu haikuanza jana na mambo haya. Mwaka 1986, tukiwa bado Zaire, Miko Rwayitare alianzisha Telecel kule Kinshasa, wakati sehemu kubwa ya Afrika haijaona simu ya mkononi hata kwa macho. Ilikuwa simu nzito kama tofali, ya mawaziri na matajiri. Tungeweza kusema tulikuwa mbele. Leseni za 4G zikatoka 2018. Halafu Septemba 2020 ukaja ushuru wa RAM, uliokuwa unakatwa kwenye inite zako kidogo kidogo: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa yenye uwezo wa 3G au 4G. Nchi nzima ikapiga kelele mpaka ukafutwa 2022. Hapa Bendera ushuru ule ulitupa mtihani wa falsafa, na tuliujadili Rezo kwa wiki nzima. Simu yangu ilikuwa na uwezo wa 4G, kweli. Hata mimi nina uwezo wa kuogelea mpaka Kigoma, ila hakuna aliyewahi kuniona nikifanya hivyo. Mzee mmoja aliuliza kama anaweza kulipa dola 1 kisha aapishwe mbele ya mashahidi kwamba hatatumia hizo G nyingine. Tukamwambia hapana. Akarudi kwenye simu yake ya tochi, na hajajuta, kwa sababu tochi yake inafanya kazi sehemu zote.

Lakini mkasa ulioniharibia jina ni wa sauti za WhatsApp.

Shemeki yangu, mke wa kaka yangu, anaishi Lubumbashi. Yeye haandiki. Anarekodi. Na harekodi mara moja. Anakata habari vipande vinne vitano kama mkate. Siku hiyo alituma vipande vinne. Tawi la pili likashusha kimoja tu, cha tatu. Nikaweka sikioni. Alikuwa analia. “...basi ndiyo hivyo, shemeki. Ametuacha usiku wa kuamkia leo. Mama tangu asubuhi hajala, anashika kichwa tu. Msihangaike kuja, njia ni mbali. Tutajua la kufanya.”

Ametuacha. Nani? Nikasikiliza tena. Nikasikiliza mara ya tatu na mwenye mti, na mama muuza mawese, ambaye alikuwa hapo sijui kwa ajili gani. Jina hakuna. Lakini Baba Mkubwa alikuwa mgonjwa tangu Pasaka, na anaishi kwa kaka palepale Lubumbashi. Mwenye mti akavua kofia. Mama muuza mawese akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kabla yangu, na ukishaanza kuliliwa msiba wako na mtu baki huna budi kujiunga.

Kilio kikakaa kwangu usiku huo huo. Mikeka ikatandikwa, moto ukakokwa uani, kwaya ya akina mama ikaja. Jirani yangu ambaye hatusemezani tangu ile habari ya paneli na mbuzi akaleta kuni, tukapatana huku tukilia. Daftari la michango likafunguliwa: huyu faranga 5,000, huyu 2,000, huyu debe la muhogo, yule mmoja, ambaye sitamtaja ingawa baadaye alitajwa sana, 500. Nikasimama kueleza maisha ya marehemu. Nilisema alikuwa mkarimu. Nilisema hakuwahi kumdai mtu deni. Ilipofika saa nane ya usiku nilikuwa nimemfanya mtakatifu, na lutuku, ile pombe yetu kali, ilikuwa imesaidia.

Asubuhi mwenye mti akaja mbio. Kipande cha kwanza kilikuwa kimeshuka.

“Shemeki, habari za masiku. Huku tuko salama, Baba Mkubwa amepona kabisa, anakula kuliko sisi. Ila tuna shida. Yule mpangaji wa chumba cha nyuma, yule wa miezi mitatu...”

Sikuhitaji kipande cha pili. Mpangaji alikuwa ameondoka usiku na godoro, na kodi ya miezi mitatu. Ndiye aliyetuacha. Mama alikuwa anashika kichwa kwa sababu ya fedha.

Nilikaa juu ya mzizi wa mwembe nikitafakari namna ya kuwarudishia watu machozi yao. Muhogo ulikuwa umeshaliwa. Nilikuwa bado natafakari simu iliponilia mkononi, rezo ikiwa safi kama haijawahi kuumwa, na sauti nzito ikasema: “Mtoto wangu. Nasikia nimekufa.”

“Baba Mkubwa, shikamoo.”

“Marahaba. Nilizikwa vizuri?”

Nikaanza kueleza habari ya vipande, tawi, setilaiti. Hakutaka. Alitaka jambo moja. “Daftari liko wapi?” Nikashuka kulichukua. Nikapanda tena, nikapanda jiwe, nikainua mguu. Rezo, ambayo haikuwahi kunisitiri hata siku moja, ilidumu dakika arobaini bila kukatika. Nilimsomea jina kwa jina, mchango kwa mchango, mbele ya foleni ya watu ambao nusu yao walikuwa kwenye orodha. Alikuwa anaguna. Nilipofika kwa yule wa faranga 500 kukawa kimya, nikadhani imekatika.

“Mia tano,” akasema Baba Mkubwa. “Yule niliyemlipia shule.”

Mwenye mia tano alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alijifanya anatafuta kitu kwenye majani, kisha akaondoka taratibu bila kupiga simu yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtetezi mkubwa wa 4G hapa kijijini. Naeleza faida zake kila ninapopata nafasi: sauti zitafika kwa mpangilio, wafu watajulikana kwa majina, mahari itaongelewa watu wakionana uso kwa uso kwenye kioo na vidole vikihesabika. Mfanyabiashara mmoja, baada ya serikali kuipa Starlink, ile intaneti ya setilaiti, leseni mwaka 2025 (mwaka mmoja kabla walikuwa wameipiga marufuku), alianza kusema ataleta kile kisahani kutoka Kalemie. Bado anasema.

Mtu mmoja tu hanielewi, naye ni yule mzee wa simu ya tochi. Alikuwa kijana mdogo mwaka 1965. Siku moja, nikiwa katikati ya mahubiri yangu, akanikatiza.

“Mwalimu, wewe unafundisha hesabu?”

“Nafundisha, mzee.”

“Na historia?”

“Pia.”

“Basi unajua kwamba Tatu alishafika huku.”

Alikuwa anamzungumzia Che Guevara. Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Wakuba wenzake kuja kuwasaidia waasi, nao wakajipa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Tarehe 29 Juni wakaja kushambulia kambi ya askari hapa Bendera, kwenye umeme huu huu wa Kyimbi. Tatu hakuwepo. Alitakiwa abaki juu milimani upande wa ziwa, na huko akangoja habari. Rezo yake ilikuwa miguu ya watu: vikaratasi vilivyobebwa kupanda na kushuka milima, na kila mjumbe na hadithi yake. Shambulio lilikwenda vibaya. Wakuba wanne walikufa, na serikali ikaokota daftari la kumbukumbu kwa mmoja wa wafu, ikajua kwamba Wakuba wako Kongo. Mara nyingi nimefikiri kwamba siku ile aliyekuwa na mega za kutosha ni adui peke yake.

Nikamwambia mzee kwamba ndiyo, najua. Moja, Mbili, Tatu.

“Na Nne?”

Nikanyamaza. Kwa sababu Nne pia nilikuwa namjua, ila sikuwahi kumweka kwenye hesabu hii. Norberto Pío Pichardo, luteni. Wao waliliandika jina lake Inne, kwa sikio la Kihispania. Ni mmoja wa wale wanne.

“Nne alikuja Bendera,” mzee akasema, “akafia hapa hapa. Na wewe unamngoja.” Akawasha tochi, ingawa ilikuwa mchana, akateremka kilima.

Foleni haikusema kitu kwa muda. Kisha mama muuza mawese akauliza kama basi tungeruka, tungoje Tano.

Insha hii nimeiandika kwa kalamu, nikaihamishia kwenye simu kwa vidole viwili, jioni tatu mfululizo, paneli na mbuzi vikiruhusu. Leo nimepanda nayo Rezo ili niitume. Mawingu yanakuja kutoka upande wa ziwa, na mwenye mti ameupokea mfuko, anaupima kwa mkono kama mtu anayenunua nyama.

“Kurasa ngapi, Mwalimu?”

“Saba.”

“Ina picha?”

“Haina.”

“Sauti?”

“Maandishi tu.”

Akatazama juu kwenye mwembe, akahesabu kwa kidole, akafikiri.

“Tuiweke la tatu,” akasema. “La nne limeingia mchwa.” Akaongeza ukanda wa pili wa mpira kwa ajili ya mvua, akauma mfuko kwa meno, akaanza kupanda.